Jirani katika Kromosomu: Jinsi Kimeng'enya Kilivyofichua Siri ya Nyanya

Mada yetu leo ni urithi wa jeni zinazotengeneza vimeng'enya katika mimea itoayo maua, na hasa jambo moja ambalo tutaliita ufungamano wa jeni, yaani desturi ya jeni mbili kurithiwa pamoja kwa sababu zinakaa jirani. Huenda jambo hilo likasikika kuwa la vitabuni tu. Hata hivyo, limewasaidia wakulima wa nyanya katika mabara mengi kuvuna pale ambapo zamani wangeambulia miche iliyodumaa.

Mkulima wa nyanya wa Mwea nchini Kenya, au wa Ilula mkoani Iringa nchini Tanzania, anaifahamu hali hii. Miche imeshika vizuri, kisha baada ya wiki chache inaacha kukua. Ifikapo adhuhuri majani yananyauka, ingawa udongo una unyevu wa kutosha. Mkulima anang'oa mche mmoja ili ajue kulikoni, na hapo anakuta mizizi imejaa vinundu, imevimba kama tangawizi. Hao ni minyoo fundo.

Adui aliyejificha udongoni

Minyoo hawa ni wadogo mno. Mtoto wa mnyoo fundo, akishatoka tu katika yai, hana urefu wa hata nusu milimita. Hupenya karibu na ncha ya mzizi, hujichagulia mahali pa kukaa, kisha huzilazimisha seli chache za mmea zivimbe na kugeuka kuwa ghala la chakula chake. Kinundu hutokea hapo. Jike hukaa mahali hapo maisha yake yote na kutaga mayai mamia kwa mamia ndani ya ute. Maji na virutubisho vilivyokusudiwa kupanda hadi kwenye majani na matunda huishia mzizini.

Kwa miaka mingi dawa kuu ilikuwa kuutia udongo sumu. Gesi ya methili bromidi ilipulizwa ardhini katika mashamba ya nyanya, maua na matunda sehemu nyingi za dunia, ikawaua minyoo pamoja na magugu na vijidudu vya kila namna. Gesi hiyo, hata hivyo, huharibu tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua. Chini ya Itifaki ya Montreal, nchi zilizoendelea zilitakiwa kuacha kuitumia mashambani ifikapo mwaka 2005, na nchi zinazoendelea ifikapo mwaka 2015, isipokuwa kwa mahitaji machache yaliyoruhusiwa mahsusi.

Njia nyingine ni kuwa na nyanya ambayo mizizi yake yenyewe humkataa mnyoo. Nyanya ya namna hiyo ipo. Ili tuelewe jinsi ilivyopatikana, na jinsi wazalishaji wa mbegu walivyoweza kuitambua miongoni mwa maelfu ya miche, hatuna budi kurudi nyuma kidogo.

Njegere za mtawa

Kila kiumbe hai hufanya kazi zake kwa msaada wa vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia ndani ya seli. Kimeng'enya kimoja huunganisha sukari kuwa wanga, kingine husaidia kuunda rangi ya ua, na kingine huvunja kitu kisichohitajika tena. Maelekezo ya kutengeneza kila kimeng'enya yamo ndani ya jeni, ile chembe ya urithi ambayo mzazi humpa mwanawe. Mimea mingi hupokea nakala mbili za kila jeni, moja kupitia chavua ya baba na nyingine kupitia kijiyai cha mama.

Mtu wa kwanza kuionyesha kanuni ya urithi huo kwa hesabu alikuwa Gregor Mendel, mtawa aliyeishi katika mji wa Brünn, ambao leo unaitwa Brno, katika Jamhuri ya Czech. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1866. Alipochavusha njegere zenye mbegu za mviringo kwa zile zenye mbegu zilizokunjamana, kizazi cha kwanza chote kilikuwa cha mviringo. Alipoiacha mimea ya kizazi hicho ijichavushe yenyewe, alipata mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zilizokunjamana. Huo ni uwiano wa karibu tatu kwa moja.

Mendel hakujua jeni ni kitu gani, wala hakuwa na habari za vimeng'enya. Maelezo kamili ya mbegu zake yalikuja zaidi ya miaka 120 baadaye. Mwaka 1990 watafiti wa Norwich, nchini Uingereza, walionyesha kwamba jeni inayohusika ni ile ya kimeng'enya kinachozitia matawi molekuli za wanga. Katika njegere iliyokunjamana, kipande cha ziada cha DNA kimejipenyeza ndani ya jeni hiyo na kuivuruga. Kimeng'enya kinakosekana, wanga unapungua, sukari inabaki kwa wingi, na sukari huvuta maji. Mbegu inavimba ikiwa mbichi, na inapokauka ngozi yake inabaki kubwa kuliko kilichomo ndani, hivyo inajikunja.

Mbegu yenye nakala moja nzima na nyingine mbovu hubaki mviringo, kwa kuwa nakala moja hutoa kimeng'enya cha kutosha. Hii ndiyo maana ya kusema kwamba tabia moja hutawala na nyingine hujificha. Tulikumbuke jambo hili la kujificha, kwani tutakutana nalo tena.

Maua yaliyokataa hesabu

Mendel aliona pia kwamba tabia mbili tofauti hurithiwa kila moja kivyake. Rangi ya mbegu ya njegere haikujali umbo lake. Ukichanganya tabia mbili, kizazi cha pili hugawanyika katika makundi manne kwa uwiano wa 9, 3, 3 na 1. Kanuni hiyo ilipovumbuliwa upya mwaka 1900, wanasayansi waliichukulia kuwa sheria isiyo na ubishi.

Miaka michache baadaye, William Bateson, Edith Rebecca Saunders na Reginald Punnett walikuwa wakifanya majaribio yao Cambridge kwa mmea wa jamii ya njegere unaopandwa kwa ajili ya maua yake yenye harufu nzuri. Walichanganya mmea wa maua ya zambarau na chavua ndefu, na mmea wa maua mekundu na chavua ya mviringo. Katika mimea 6,952 ya kizazi cha pili, walipata 4,831 ya zambarau yenye chavua ndefu na 1,338 myekundu yenye chavua ya mviringo. Mimea ya zambarau yenye chavua ya mviringo ilikuwa 390 tu, na myekundu yenye chavua ndefu 393.

Kwa hesabu ya Mendel, kila moja ya makundi hayo mawili madogo ilipaswa kuwa na mimea 1,303 hivi. Kwa upande mwingine, kundi lililofanana na babu mwekundu lilipaswa kuwa na mimea 434 au 435, nalo lilikuwa na zaidi ya mara tatu ya idadi hiyo. Tabia zilizoingia pamoja kutoka kwa mzazi mmoja zilielekea kutoka pamoja. Bateson na wenzake waliitangaza hali hiyo mwaka 1905, lakini hawakuweza kuieleza sababu yake.

Sababu ilipatikana Marekani, na haikutoka katika mmea bali katika inzi wa matunda. Mwaka 1911 Thomas Hunt Morgan wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alieleza kwamba jeni zimepangwa juu ya kromosomu, zile nyuzi ndogo zilizomo katika kiini cha seli. Kiumbe kina maelfu ya jeni lakini kromosomu chache. Njegere ina jozi 7, mahindi jozi 10 na nyanya jozi 12. Ni lazima basi jeni nyingi zishiriki kromosomu moja, kama shanga katika uzi mmoja, na uzi unaposafiri, shanga zote husafiri nao.

Hata hivyo, uzi huo hukatika na kuungwa upya. Kabla ya chavua au kijiyai kuumbwa, kromosomu mbili za jozi moja hulala ubavu kwa ubavu, hukatika mahali pale pale, kisha hubadilishana vipande. Jeni mbili zilizo mbalimbali hutenganishwa mara nyingi, ilhali zilizo karibu hutenganishwa kwa nadra, kwa sababu nafasi ya kukatika kati yao ni finyu. Mimea ile 390 na 393 ya Bateson ilikuwa matunda ya kukatika kwa namna hiyo.

Alfred Sturtevant, aliyekuwa bado mwanafunzi wa Morgan, aliligeuza wazo hilo kuwa kipimo. Mwaka 1913 alichapisha ramani ya kwanza ya jeni, akitumia kiasi cha utengano kuwa ndio umbali. Kipimo hicho huitwa sentimorgani. Jeni mbili zilizo umbali wa sentimorgani moja hutenganishwa mara moja hivi katika kila chavua au vijiyai mia moja.

Ushahidi kutoka kwenye hindi

Ilibaki kuthibitisha kwa macho kwamba kromosomu hubadilishana vipande kweli. Kazi hiyo ilifanywa na wanawake wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell, Harriet Creighton na Barbara McClintock, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 1931. Walitumia mahindi, na mojawapo ya jeni walizofuatilia ni ya kimeng'enya.

Katika punje ya hindi la kawaida, kiasi cha robo ya wanga ni wa aina ya nyuzi ndefu zisizo na matawi mengi, na uliobaki ni wa molekuli zenye matawi tele. Kuna kimeng'enya maalumu kinachotengeneza zile nyuzi ndefu. Jeni yake ikiharibika, punje hubaki na wanga wa matawi pekee, na ukiikata huonekana ndani kama nta. Ukiidondoshea iodini, hindi la kawaida hugeuka buluu iliyokoza, na hindi la nta hugeuka kahawia nyekundu. Hata chavua hugeuka vivyo hivyo, kiasi kwamba mtafiti anaweza kuisoma jeni ndani ya chembe moja ya chavua kwa darubini.

Jeni hiyo imo katika kromosomu ya tisa ya mahindi, na katika kromosomu hiyo hiyo kuna jeni ya rangi ya punje. Creighton na McClintock walipata mimea ambayo kromosomu yake ya tisa ilikuwa na alama mbili zinazoonekana kwa darubini, fundo upande mmoja na kipande cha kromosomu nyingine upande wa pili. Kila mara jeni mbili zilipotengana katika watoto, alama zile nazo zilikuwa zimehama. Shaka iliondoka kwamba mabadilishano yanayohesabiwa shambani hutokea kwa kweli ndani ya seli. McClintock alikuja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1983, kwa kazi yake nyingine kuhusu jeni zinazohama.

Mahali pengine katika kromosomu hiyo ya tisa kuna jeni ya kimeng'enya kingine kinachoshughulika na sukari ya punje. Ikiharibika, punje husinyaa. Hizi ni jeni mbili za vimeng'enya katika uzi mmoja, na mkulima anaweza kuziona kwa kuitazama punje.

Kimeng'enya chaonekana kwa macho

Si vimeng'enya vyote vinavyojidhihirisha kwa rangi au umbo la punje. Vingi hufanya kazi kimya kimya. Wanasayansi walihitaji njia ya kuviona, na njia hiyo ilitokana na wanga.

Mwaka 1955 Oliver Smithies, aliyekuwa akifanya kazi Toronto nchini Kanada, alionyesha jinsi ya kutenganisha protini kwa kutumia jeli ya wanga wa viazi. Alisimulia kwamba alikumbuka jinsi mama yake alivyokuwa akitia wanga mashati ya baba yake, na jinsi wanga huo ulivyogeuka jeli ulipopoa. Yeyote aliyewahi kutia wanga kanzu kabla ya kuipiga pasi anakijua kitu hicho. Utomvu wa jani au wa mbegu huwekwa katika ukingo wa jeli na mkondo wa umeme hupitishwa. Protini husukumwa na umeme, na kila moja husogea kwa mwendo wake kulingana na chaji na ukubwa wake.

Mwaka 1957 Robert Hunter na Clement Markert waliongeza hatua iliyokosekana. Waliitia jeli kemikali ambayo kimeng'enya kinachotafutwa huigeuza kuwa rangi. Kimeng'enya chenyewe ndicho kilichojichora, na mahali kilipofika palitokea mstari. Ikiwa jeni ya mmea mmoja ina tofauti ndogo na jeni ya mwenziwe, kimeng'enya chake huenda kikasogea zaidi au kidogo, na mistari ikawa mahali tofauti.

Hapa tunarudi kwenye lile jambo la kujificha. Katika njegere za Mendel, nakala mbovu ilijificha nyuma ya nakala nzima, na mkulima hakuweza kujua mbegu ipi ya mviringo inabeba nini. Katika jeli hakuna kujificha, kwani mmea uliopokea nakala mbili tofauti huonyesha mistari ya wazazi wote wawili. Mwaka 1960 Drew Schwartz alionyesha kwa kimeng'enya cha mahindi kwamba chotara anaweza kuwa na mistari mitatu, mmoja wa baba, mmoja wa mama, na wa tatu katikati. Huo wa tatu ulitokea kwa sababu kimeng'enya hicho huundwa na vipande viwili, na kipande cha baba kinaweza kuungana na cha mama.

Nyanya pori ya Peru

Sasa turudi kwa mkulima wetu na minyoo yake. Katika pwani na mabonde ya Peru na kaskazini mwa Chile huota jamaa wa nyanya aitwaye Solanum peruvianum. Matunda yake ni madogo ya kijani, wala hayafai kuuzwa sokoni, lakini baadhi ya mimea yake huwakataa minyoo fundo. Tatizo ni kwamba haizaliani kwa urahisi na nyanya ya shambani. Ukichavusha, kijusi huanza kukua ndani ya mbegu, kisha hufa kabla ya kukomaa.

Mwaka 1944 mtafiti wa California, P. G. Smith, alitoa taarifa kwamba amefaulu. Alikitoa kijusi kikingali kichanga, akakilea katika chombo chenye virutubisho hadi kikawa mche. Kutokana na uzao huo ilipatikana jeni iliyopewa jina la Mi, ambayo imo katika kromosomu ya sita ya nyanya. Aina za nyanya zenye jeni hiyo zilizosambaa duniani baadaye zina asili yake katika mmea huo mmoja.

Kuwa na jeni hakukutosha. Mzalishaji wa mbegu alilazimika kurudisha chotara kwa nyanya nzuri, kizazi baada ya kizazi, ili apate matunda makubwa matamu bila kuupoteza ukinzani. Katika kila kizazi ilimbidi ajue ni miche gani yenye Mi. Njia pekee ilikuwa kuipanda katika udongo wenye minyoo, kungoja wiki kadhaa, kuing'oa, kuosha mizizi na kuhesabu vinundu. Kazi hiyo ilikuwa ya polepole na chafu. Mche uking'olewa huenda usiishi tena, na mche uliobahatika kukwepa minyoo huenda ukadhaniwa kuwa mkinzani.

Hapa anaingia Charles Rick wa Chuo Kikuu cha California, Davis. Rick, aliyeishi kutoka mwaka 1915 hadi 2002, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akikusanya nyanya pori katika Andes na visiwa vya Galápagos. Mwaka 1974 yeye na mwenzake Fobes walitoa taarifa fupi. Walikuwa wakichunguza vimeng'enya vya aina mbalimbali za nyanya kwa jeli ya wanga, wakagundua kwamba aina kadhaa zinazokinza minyoo zilikuwa na mstari wa kimeng'enya cha asidi fosfatasi uliokaa mahali tofauti na ule wa nyanya za kawaida. Jeni ya kimeng'enya hicho, iitwayo Aps-1, ilikuwa jirani wa karibu sana wa Mi. Umbali kati yao ni kiasi cha sentimorgani moja.

Tulizingatie jambo hili vizuri, msikilizaji. Kimeng'enya hicho hakimzuii mnyoo, wala hakina dhima inayojulikana katika ukinzani huo. Ni jirani tu, aliyetoka Peru katika kipande kile kile cha kromosomu. Lakini ujirani huo ulitosha. Mzalishaji aliweza kuchukua kipande kidogo cha jani la mche mchanga, kukiponda, kukipitisha katika jeli, na kujua siku hiyo hiyo kama mche unaelekea kuwa na Mi. Mche wenyewe ulibaki kitaluni ukiendelea kukua. Tena, kwa kuwa jeli haifichi kitu, aliweza kuutambua mche wenye nakala mbili za ukinzani na ule wenye moja. Vinundu vya mizizi visingeweza kumwambia hilo, kwa sababu nakala moja ya Mi hutosha kumkataa mnyoo.

Si kila wingu huleta mvua

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kimeng'enya ni wingu, na ukinzani ndio mvua. Lakini kila mkulima anajua kwamba kuna mawingu yanayopita bila kunyesha, na hivyo ndivyo ilivyo kwa jeni. Umbali wa sentimorgani moja maana yake ni kwamba mara moja hivi katika mia kromosomu hukatika kati ya majirani hao, na kila mmoja akashika njia yake. Jambo hilo limekwisha kutokea. Baadhi ya nyanya kinzani zenye asili ya Hawaii zina Mi, lakini kimeng'enya chao ni kile cha nyanya ya kawaida. Mtu ambaye angezipima kwa jeli peke yake angezitupa, akidhani hazina kitu. Ndiyo sababu mzalishaji mwangalifu hupima kwa alama, na kila baada ya vizazi kadhaa hurudi kwenye udongo wenye minyoo ili kuhakikisha.

Ujirani una gharama nyingine pia. Kipande kilichotoka kwa nyanya pori kilikuja na jeni nyingi ambazo hakuna aliyeziomba, na baadhi ya jirani hao huenda wakaleta sifa zisizotakiwa. Kuzitenga ni kazi ngumu, kwa kuwa katika sehemu hiyo kromosomu ya nyanya pori na ile ya nyanya ya shambani hazibadilishani vipande kwa wepesi. Sababu mojawapo ilielezwa mwaka 2004, pale watafiti walipoonyesha kwamba katika eneo la Mi kuna kipande kilichogeuzwa mbele nyuma kati ya nyanya kinzani na zisizo kinzani. Mpangilio wa shanga haufanani, hivyo nyuzi hazilali sawasawa.

Kutoka kwa jirani hadi kwa mwenye nyumba

Kwa muda wa miaka mingi kimeng'enya kilikuwa njia kuu ya kuitambua Mi maabarani. Mwaka 1991 jeni ya Aps-1 yenyewe ilipatikana na kusomwa, ikawa moja ya vituo vya kuanzia safari ya kuitafuta jirani yake. Mwaka 1998 watafiti wa California na wa Uholanzi walitangaza kwamba wameifikia Mi.

Ilibainika kwamba haitengenezi kimeng'enya. Hutengeneza protini inayofanya kazi ya mlinzi. Mnyoo anapojaribu kutayarisha mahali pa kulia chakula, seli zilizo karibu na kichwa chake hufa upesi, naye hubaki hana pa kula. Jeni hiyo hiyo ilionekana pia kuwazuia baadhi ya wadudu wafyonzao utomvu, wakiwemo aina ya vidukari na inzi weupe.

Leo maabara nyingi hazitumii tena jeli ya wanga. Husoma alama za DNA zilizo ndani ya Mi yenyewe au karibu nayo kabisa. Lakini kanuni haikubadilika. Kila mzalishaji anayetafuta ukinzani wa magonjwa katika mahindi, mpunga au ngano kwa kutumia alama jirani anapita katika njia iliyofunguliwa na maua yale yaliyokataa hesabu mwaka 1905.

Mkulima afanye nini?

Ukinunua mbegu za nyanya, tazama herufi zilizoandikwa katika paketi. Mara nyingi utaona VFN. Herufi V na F ni za magonjwa mawili ya mnyauko yanayosababishwa na kuvu, na N ni ya minyoo. Katika nyanya nyingi, N hiyo maana yake ni Mi.

Herufi hiyo, hata hivyo, si hirizi. Kwanza, Mi hulegea udongo unapopata joto la zaidi ya nyuzi 28 za Selsiasi. Kwa msikilizaji aliye katika mwambao wa Afrika Mashariki, au Oman na nchi nyingine za Ghuba, hilo ni jambo zito, kwani udongo usio na kivuli hufika hapo kwa urahisi. Kufunika udongo kwa nyasi na kupanda katika msimu wa baridi husaidia. Pili, Mi huwazuia minyoo fundo wa spishi tatu zilizoenea zaidi, lakini haiwazuii wote. Spishi moja ipendayo nchi za baridi haijali kabisa, na ipo nyingine ya nchi za joto inayoipita. Tatu, mkulima anayepanda aina hiyo hiyo katika shamba lile lile kila mwaka huwapa nafasi minyoo wachache wanaoweza kuishinda waongezeke. Kubadilisha mazao, kwa mfano kupanda mahindi au nafaka nyingine badala ya kurudia nyanya, bilinganya au bamia, bado ni busara, ingawa ni vyema kujua kwanza ni minyoo gani walio shambani, kwa kuwa baadhi yao huishi hata katika mizizi ya mahindi.

Mpenzi msikilizaji, Rick na Fobes hawakuwa wakitafuta dawa ya minyoo walipopitisha umeme katika wanga. Walikuwa wakiorodhesha vimeng'enya. Lakini walijua kwamba jeni haikai peke yake, na kwamba anayemtambua jirani amekaribia kumtambua mwenye nyumba. Kwa maarifa hayo, mche wa nyanya ulipimwa bila kung'olewa.